Kifuo Kilichong'olewa

Maiti ya Kitwana ilikuwa imelala vizuri, na hilo ndilo lililompotezea Sajini Abeid nusu ya asubuhi.

Ilikuwa chini ya mnazi mrefu, kando ya chungu ya makumbi ya nazi, imelala ubavu wa kulia, uso umeelekea kaskazini. Macho yalikuwa yamefumbwa na miguu imenyooshwa pamoja. Msuli wake wa shambani, uliopauka kwa jua, ulikuwa umevutwa ukafunika magoti. Asiyejua angedhani mtu kajipumzisha baada ya kazi. Ila nyuma ya shingo, chini kidogo ya kisogo, palikuwa na tundu, na mchanga wa hapo ulikuwa umekunywa damu ukawa mweusi.

Abeid alichutama akaitazama. Alikuwa askari kanzu wa boma la Kisarawe, mzaliwa wa Vihingo, mtu wa makamo asiyependa kuharakishwa, na siku hiyo kila mtu alikuwa anamharakisha. Mwaka ule wa arobaini na tisa alitumwa pwani kwa kesi ya mbata, nazi kavu za kuuza, zilizoibiwa. Yuko sokoni ng'ambo anahoji wachuuzi, mara akatokea mtu wa Jumbe Mwinyijuma, anahema, kusema kisiwani Mtunani mtu kauawa na muuaji kashakamatwa. Maji yalikuwa yamekupwa. Abeid na Koplo Athanas walivuka kwa miguu, suruali zimekunjwa hadi magotini, na kabla hata hazijakauka Jumbe alikuwa amekwisha kuwapangia kazi: maiti izikwe baada ya adhuhuri, na muuaji avushwe kabla maji hayajajaa. Akibaki kisiwani mpaka jioni, alisema Jumbe, yeye hadhamini roho yake.

Huyo aliyeitwa muuaji alikuwa Damiani, mgema wa tembo, Mkristo kutoka Dutumi. Walikuwa wamemfunga kwenye mkorosho, mdomo umevimba, jicho moja halifunguki. Wanaume waliomzunguka walikuwa na mapanga, na walikuwa wameacha kupiga kelele. Athanas alilitazama lile kundi, akasogea akasimama baina yao na mfungwa. Abeid aliona na akashukuru kimoyomoyo, maana watu wanaonyamaza na panga mkononi hawapendi kungoja hakimu.

Mtunani si kisiwa cha wavuvi. Watu wake ni wakulima wa minazi na mihogo, na mpunga kidogo bondeni. Maji ya bahari kwao ni kizuizi tu cha kwendea sokoni. Ni kisiwa cha watu wa dini pia, na Damiani alipokuja kukodi minazi ya kugema, waliguna sana. Waliguna mchana, jioni wakapeleka vibuyu kwa mlango wa nyuma. Aliyemkodisha ni Kitwana, na hilo nalo lilikuwa neno.

Shahidi wao mkubwa aliitwa Maneno, na jina lilimkaa. Ardhi ile ilikuwa yake, ila minazi iliyosimama juu yake ilikuwa ya kina Kitwana, jambo la kawaida huku, ardhi mwenyewe huyu na miti mwenyewe yule. Kesi za namna hiyo Abeid alikuwa amezisikiliza mpaka masikio yamechoka. Maneno alieleza kwamba juzi aliwasikia Kitwana na mgema wakigombana bondeni, na Kitwana akimwambia mgema afungashe aondoke. Tena kotama ya mgema, kile kisu kipana cha kugemea, ilikutwa hatua chache tu kutoka kwa maiti. Unataka nini zaidi?

Abeid alikwenda kwenye mkorosho. Alimwomba Athanas amlegezee kijana kamba, akachutama mbele yake.

"Nani alimwona Kitwana wa kwanza?"

"Mimi," Damiani alisema. "Nilikuja kuteremsha tembo la asubuhi. Nikadhani amelala. Nikamwita, hakuitika. Nikazunguka nyuma, nikaona shingo. Kotama ikanitoka mkononi."

"Ulimgusa?"

"Simgusi maiti mimi, Bwana. Nilipiga kelele, wakaja. Wakanishika mimi niliyepiga kelele."

Kuhusu ugomvi hakukana. Alieleza kwamba minazi aliyokodi ilikuwa imechoka, na yeye ndiye aliyesema anarudi Dutumi. Kitwana akakasirika, wakatupiana maneno. Lakini jana asubuhi Kitwana alimfuata akampa mnazi mwingine, mzuri, haujaguswa. Damiani aliunyanyulia kidevu, maana mikono haikuwa yake. Ulikuwa mnazi mmoja pembeni ya shamba, na kibuyu kipya kinaning'inia juu.

"Aliniambia nisimwambie mtu kuwa kanipa ule," akaongeza. "Sikuuliza kwa nini. Mnazi ni mnazi."

Koplo Athanas alikuwa mtu mzuri ila mwenye haraka ya kijana. Alimvuta Abeid kando akamwambia kwamba mambo yako wazi: ugomvi upo, kisu kipo, mtu yupo. Abeid alimpa ile kotama.

"Sogeza ncha yake kwenye jeraha. Usiguse, pima kwa macho tu."

Athanas alipima. Kotama ilikuwa pana kama kiganja. Tundu lilikuwa la mviringo, dogo, la kuingia kidole, na limekwenda ndani sana.

"Si kisu hiki," akasema.

"Si kisu chochote."

Kabla hajaendelea, Abeid aliona kitu kingine kilichomtoa njiani. Maneno alikuwa na mkwaruzo mrefu mkononi, na panga lake, peke yake katika mapanga yote yale, lilikuwa limeoshwa likang'ara. Alipoulizwa, Maneno aliyekuwa anamwagika maneno tangu asubuhi akafunga mdomo. Akasema alijikwaruza kwenye miiba. Akasema tena ni fensi. Jumbe alimtazama kwa namna mpya, na lile kundi la mapanga nalo likageuza shingo. Abeid alimwamuru awaongoze hadi alikokuwa jana jioni. Walikwenda hadi ukingo wa mpunga, wakakuta udongo umefukuliwa karibuni na kufunikwa majani. Athanas alichimba kwa jembe la kuazima, na baada ya mapigo machache pua ya nguruwe ikatokeza.

Ilibidi Maneno aseme. Nguruwe alikuwa akimmalizia mpunga, jana magharibi akamkuta kanasa kwenye mtego hajafa, wakapambana, akamuua, damu ikamrukia mwili mzima. Alioga mara nyingi, akasugua panga kwa mchanga, na hakutaka msikiti mzima ujue. Watu wawili watatu waliinamisha nyuso wasionekane wanacheka. Abeid hakucheka. Alikuwa amepoteza muda, na jua lilikuwa limepanda.

Alirudi kwenye chungu ya makumbi akaanza upya, kama anayetafuta sindano. Makumbi ya juu yalikuwa mabichi, yamechanwa jana. Pembeni kulikuwa na nazi zilizokwisha kufuliwa makumbi, na nyingine hazijafuliwa, na moja imechanwa nusu ikaachwa. Kucha za marehemu zilikuwa na nyuzi za makumbi. Kwa hiyo Kitwana alikufa akiwa kazini, akifua nazi.

"Athanas, mtu anafua nazi kwa nini?"

"Kwa kifuo, afande."

"Nionyeshe kifuo."

Athanas aligeuka huku na huku. Kifuo ni mti mgumu uliochongwa ncha, unachimbiwa ardhini ukasimama wima, na mtu anaipigia nazi hapo mpaka kumbi lichanike. Hakuna afuaye nazi nyingi vile bila hicho. Nazi zilikuwapo, makumbi yalikuwapo, na kifuo hakikuwapo. Abeid alipapasa kwa mikono chini ya makumbi hadi vidole vyake vikazama kwenye udongo laini. Palikuwa na shimo, limefukiwa kwa mguu, limefunikwa. Lilikuwa nyuma tu ya kisogo cha marehemu.

"Kaanguka chali juu yake," Athanas alisema polepole.

"Kaanguka au kaangushwa. Halafu mtu akakichomoa, akaking'oa, akaondoka nacho. Damiani angekipeleka wapi? Amekuja mikono mitupu na kotama yake, na walimkamata hapa hapa."

Kisha Abeid akawaona sisimizi. Kwenye jeraha walikuwa wachache. Walikuwa wamejazana midomoni na mashavuni mwa marehemu. Alimgusa shavu kwa ncha ya kidole. Lilinata. Alinusa, akakijua kitu chenyewe: maji ya dafu. Mtu alikuwa amemnywesha Kitwana dafu, na lililobaki akamwoshea uso. Abeid alirudi kwenye makumbi akayapangua moja moja hadi akapata kipande cha juu cha dafu, kilichokatwa kwa kisu kidogo. Makumbi yote pale yalikuwa ya kijani au ya kahawia. Kipande hiki kilikuwa na rangi ya chungwa lililoiva.

Alimwonyesha Jumbe Mwinyijuma, akamwuliza tu ni dafu la mnazi gani.

"Hilo kitamli," Jumbe alijibu bila kufikiri. "Kisiwa kizima tuna mmoja, uko mlangoni kwa Bi Mwanamkuu. Marehemu mumewe aliuleta. Mtoto akiwa na homa ndiko tunakokimbilia." Akaongeza kwamba hata Kitwana mwenyewe, mwanawe, alikuwa anafunga siku zile kulipa Ramadhani aliyoila akiwa mgonjwa, na mama yake alikuwa akimletea dafu la kufuturu shambani, alikokuwa akilala kulinda nazi.

Jumbe alimaliza kusema, ndipo akasikia alichosema. Abeid hakumpa nafasi ya kukirudisha.

"Jumbe, nani aliyemlaza huyu?"

"Hakuna. Hakuguswa na mtu. Niliwakataza mwenyewe, na mgema aliposhikwa alikuwa mbali naye."

"Kibla hapa ni wapi?"

Lilikuwa swali la kumtusi mtu mzima, na Jumbe alilichukulia hivyo. Alinyoosha mkono kaskazini kwa hasira. Mkono ule ulipita sawasawa juu ya uso wa Kitwana. Jumbe akaushusha.

"Nami nimepita hapo tangu asubuhi," Abeid alisema. "Nimemwona kalala kama walivyolazwa wazee wangu, nikaona ni sawa. Mtu akianguka hatafuti kibla, Jumbe. Hafumbi macho yake, hanyooshi miguu, wala hafuniki magoti yake. Huyu amelazwa na mtu wa kwetu. Damiani hata umwulize kibla, ataonyesha kanisani."

Alisimama akajipangusa mchanga. Hakuwa na furaha. Kazi ilikuwa imekaa vizuri mkononi, kila kitu mahali pake, na yeye alitamani kuwa amekosea.

Maiti ilichukuliwa kwenda kuoshwa, na Abeid akatangulia nyumbani kwa Bi Mwanamkuu. Kitamli kilikuwa mlangoni kweli, kifupi, nazi zake za rangi ya chungwa zinafikiwa kwa mkono. Ndani wanawake walikuwa wamejaa. Bi Mwanamkuu alikaa mkekani katikati, mwembamba, kimya, na Swaumu, mjane wa Kitwana, alikuwa kando yake amemwekea mkono begani. Walikuwa wakiegemeana kama waliokuwa hivyo tangu alfajiri.

Abeid alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akaomba kuzungumza naye uani, maneno machache tu. Huko uani, nyuma ya mtungi wa maji, aliona mti mgumu uliochongwa ncha. Ulikuwa umeoshwa ukawa mweupe. Hakuugusa. Bi Mwanamkuu aliona kwamba ameuona, na hakujaribu kusimama mbele yake.

"Mama, jana ulimpelekea Kitwana futari?"

"Mama gani hampelekei mwanawe futari?"

"Ulimwacha mzima?"

Nje sauti za wanaume zilikuwa zinapanda. Abeid alimwuliza juu ya mnazi ule wa pembeni wenye kibuyu kipya. Hapo mama akajibu, tena kwa urefu, kana kwamba ni jambo la mbali. Kila mtoto aliyemzaa, kitovu chake alikizika na akapanda mnazi juu yake, ndivyo wafanyavyo. Watoto wengine walikufa wadogo, minazi ikakua. Ule ulikuwa wa Mboni, binti yake, aliyekufa hajaota meno. Mnazi ukigemwa hauzai. Jana alipokuwa anapeleka futari aliinua macho akaona kibuyu.

Hapo akakomea, na Abeid aliona kwamba hatapata neno jingine kwa kuuliza. Angeweza kuubeba ule mti akauonyesha watu. Lakini mama anaweza kuosha kifuo cha mwanawe aliyekufa, na wale wenye mapanga wangesema mgema alikitumia na mama kakiokota. Bila kinywa cha mama mwenyewe, Damiani alikuwa anakwenda. Alimwambia hivyo hivyo. Alimwambia maji yakianza kujaa itabidi amvushe kijana, maana hapa watamkata. Ataenda Kisarawe, kutoka huko ataenda Dar es Salaam kwa jaji, na jaji ataletewa kisiwa kizima kuapa kwamba ni yeye. Kuua kwa kukusudia ni kitanzi. Kumsukuma mtu kwa hasira bila kujua nyuma yake kuna nini, sheria ina jina jingine, na hilo si la kunyonga.

Bi Mwanamkuu alisikiliza lote.

"Ana mama huyo kijana?"

"Anaye. Yuko Dutumi."

Alitikisa kichwa kidogo. Kisha mtu akaita kutoka mbele kwamba jeneza liko tayari, naye akarudi ndani kwa Swaumu, akakaa pale pale. Abeid alibaki uani. Alikuwa ameshindwa, na alijua.

Walipotoka, jeneza lilikuwa limewekwa mbele ya nyumba, chini ya kivuli cha kitamli. Wanaume walisimama safu, wanawake wamejikusanya mlangoni, Bi Mwanamkuu na Swaumu wameketi mkekani. Damiani alikuwa amesimamishwa kando na pingu mikononi, Athanas amemshika kiwiko, tayari kwa safari. Ni wakati wa jeneza kuondoka, na kabla halijaondoka mwalimu wa msikiti alifanya kama inavyofanywa siku zote: alimgeukia mama wa marehemu akamwomba, kwa upole, ampe mwanawe radhi zake ili aende salama. Ni neno la kawaida. Kina mama hulia wakasema wametoa, watu wakaitikia, jeneza likanyanyuliwa.

Bi Mwanamkuu hakulia. Wanaume walikwisha kuinama kushika miti ya jeneza.

"Radhi zangu nilimnyima jana," alisema.

Wakabaki wameinama hivyo hivyo.

"Tulikuwa kwenye makumbi. Nilimwambia, mnazi wa dada yako umempa mgema? Akaniambia, Mboni amekufa, mama, anataka nazi za nini? Nikamwambia sina radhi nawe. Nikamsukuma hapa." Aliweka kiganja kifuani mwake. "Kama unavyomsukuma mtoto akikukera. Akateleza. Kifuo kilikuwa nyuma yake."

Wanaume wakaachia miti ya jeneza mmoja mmoja, naye akaendelea.

"Nikampa maji ya dafu, nikamtamkisha shahada, nikamlaza. Nikampa radhi zangu zote, kichwa chake kimo mapajani mwangu, sijui kama alisikia. Nilitaka azikwe kwanza. Nilisema moyoni, akishazikwa nitasema. Lakini yule kijana ana mama." Akalitazama jeneza. "Mfungueni kijana. Radhi mimi nimekwisha kutoa. Wa kunipa mimi ni huyo, na mnamchukua."

Hakuna aliyesogea. Abeid ndiye aliyekwenda akafungua pingu za Damiani kwa mkono wake. Kijana alijisugua vifundo vya mikono, akatazama huku na huku kama asiyejua mlango uko wapi, kisha akapita katikati ya wale waliompiga asubuhi, na wao wakampisha.

"Mbebeni," Jumbe alisema hatimaye. Wakalinyanyua jeneza. Kalima ikaanza chini chini, ikashika, ikaenda nao.

Wanaume walipotokomea, uwanja ukawa wa wanawake na askari wawili. Swaumu alikuwa bado ameuweka mkono wake begani mwa mama mkwe. Aliutazama mkono huo kwa muda, kama ulikuwa wa mtu mwingine. Akauondoa. Akasimama, akaondoka mkekani, akaenda kukaa ukutani, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Athanas alimtazama afande wake, akagusa zile pingu kiunoni, akiuliza kwa macho. Abeid alikataa kwa kichwa.

Bi Mwanamkuu hakuwa anawaangalia wao. Alikuwa ameinua uso, anatafuta jua limefika wapi, na alipokwisha kuliona akaanza kujinyanyua kwa shida, mkono umeshika mkeka.

"Watatoka makaburini na njaa," alisema. "Hakuna aliyebandika sufuria?"

Wanawake wote walisikia. Hakuna aliyeinuka.